Diploma Imebaki Kidogo na Kampasi Imekuita: Ruka ama Maliza?

Kila mwaka KUCCPS ikitoa majina, kuna wasee huwa hawajui kama washerehekee ama wakae tu. Si wale wamekosa. Ni wale wako TVET tayari, wamepiga diploma mwaka mmoja ama miwili, alafu ghafla wanasikia wamepata nafasi ya digrii. Ama anko amesema atakulipia kampasi. Mathe ashaambia chama chote. Na wewe diploma imebaki muhula mmoja, atachi, na karatasi moja KNEC walikupa refer.

Unaruka ama unamaliza?

Mtaa ushajibu: ruka buda, digrii ni digrii. Mimi naona hivi: kama imebaki mwaka mmoja kushuka chini, maliza. Na kama KCSE ulikosa C+, hapo hata hakuna mjadala.

Wacha nianze na hiyo ya C+ juu hapo ndio watu wanauziwa mbuzi kwa gunia. KCSE ya 2024 ilifanywa na watahiniwa 962,512. Waliofikisha C+ kwenda juu walikuwa 246,391. Yaani robo hivi. Wengine wote njia yao inapitia TVET ama vyuo vya kati, C- kwa diploma, D ya kawaida kwa cheti. Kama wewe ni wa hilo kundi, diploma ndio mlango wako wa chuo kikuu. Unaimaliza, unapita vizuri, alafu unaomba digrii ukitumia hiyo diploma. Sasa ukiiacha katikati umetumia nini kuingia? Kuna watu watakuambia "leta tu matokeo yenye uko nayo, tutaona." Usikubali hiyo ya tutaona. Waambie wakuandikie barua inasema umeingia kwa sifa gani. Wakianza kuzunguka, hiyo ni jibu tosha. Swali ambalo hawakujibu leo litarudi miaka 4 baadaye, karo yote ikiwa imelipwa, mtu akikagua faili yako kabla ya kukuajiri.

Na siku hizi wanakagua kweli. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilisema imepata vyeti feki 2,067 kwa ofisi za serikali. Tangu hiyo stori, karatasi inafuatwa mpaka ilikotoka. Huwezi tena kuandika kwa CV "Diploma, 2021 hadi 2023" ukitumaini hakuna mtu atauliza kama iliisha.

Sasa tuje kwa mwenye ako na C+ yake safi. Huyu hana shida ya kuingia. Shida yake ni kwamba anaona diploma kama ngazi, na akishaona ghorofa anataka kuitupa. Lakini diploma nyingi za Kenya si ngazi tu, ni leseni ya kazi.

Chukua uhandisi. Mtu wa digrii anaenda kujisajili na Bodi ya Wahandisi, EBK. Mtu wa diploma ako na bodi yake, KETRB, ilianzishwa na sheria ya 2016, na inamsajili kama fundi sanifu. Ni milango miwili tofauti. Ukimaliza diploma ya umeme, unaweza kusajiliwa na kufanya kazi ukisoma digrii jioni. Ukiiacha na nusu muhula, unangoja mlango wa EBK peke yake, na huo unafunguka ukimaliza digrii, tena kama kozi yenyewe imeidhinishwa na bodi. Uliza hiyo kabla ulipe hata shilingi, juu kuna wasee walimaliza uhandisi ndio wakaambiwa bodi haitambui kozi yao.

Hospitali ni hivyo hivyo. Muuguzi wa diploma anafanya mtihani wa Nursing Council, anapata leseni, anaajiriwa, alafu anarudi kuongeza digrii akiwa kwa mshahara. Hiyo njia imetembewa na watu wengi sana. Sijaona mtu anaitwa mjinga juu alimaliza diploma ya uuguzi kwanza.

Pia kuna ile ya kuruka madarasa. Ukienda chuo kikuu na diploma imekamilika, na kozi zinafanana, vyuo vingi vinakuhesabia masomo fulani na unaweza kuanzia mwaka wa pili. Ukienda na diploma nusu, mara nyingi unakaa mwaka wa kwanza na watoto wametoka form four majuzi, unafundishwa vitu ulishafanyia mtihani. Hesabu mwenyewe: muhula mmoja ulikimbia, mwaka mzima umelipia.

Hii kitu si yetu peke yetu. Marekani, kule watu wetu wengi wanaanzia vyuo vya jamii juu karo iko chini, wana associate degree ya miaka 2, na wanafunzi wanahamia chuo cha miaka 4 kabla hawajaimaliza. Wengine digrii inawashinda njiani, na wanabaki bila hii wala ile. Kufikia katikati ya 2022 kulikuwa na zaidi ya watu milioni 36 wa umri wa kufanya kazi waliosoma chuo na kutoka bila cheti chochote. Wakatengeneza kitu wanaita reverse transfer: masomo unayofanya kwa digrii yanarudishwa kwa kile chuo cha kwanza, yakitosha unapewa associate yako hata kama ulishahama.

Huku hiyo dawa ni ngumu. Diploma nyingi za TVET mtihani ni wa KNEC ama TVET CDACC, na chuo kikuu kinatahini vyake. Ukipata A ya hesabu kampasi, KNEC haitakufutia refer ya hesabu. Kila mtu na daftari yake.

Na digrii inashinda watu njiani hata huku, tena si kwa sababu ni wazito kichwani. Ni doo. Mimi sina cheti cha chuo, karo ilikatika nikiwa ndani na nikatoka. Hii kazi ya kuandika hakuna mtu aliniuliza makaratasi. Lakini kila fomu ya kazi nimewahi kujaza ina ile sehemu ya kiwango cha juu cha elimu ulichomaliza. Si ulichoanza. Nikifika hapo naandika KCSE, hata kama nilikaa darasani baada ya hapo. Mtu wa diploma kamili na digrii iliyokwama anaandika Diploma. Hiyo tofauti ya mstari mmoja inaamua kama utaitwa ama hutaitwa.

Na hakuna mtu anaweza kukuahidi digrii yako itaenda vile kalenda inasema. Mwaka wa 2025 wahadhiri walikaa kwa mgomo siku 49 wakidai bilioni 7.9. Ule mfumo wa ufadhili wa 2023, Mahakama Kuu ilisema Desemba 2024 kwamba unavunja katiba, alafu Mahakama ya Rufaa ikasimamisha huo uamuzi mwaka uliofuata. Wewe hapo katikati unangoja kujua mzazi atalipa ngapi. TVET karo ni kama elfu 67 kwa mwaka na sehemu kubwa inaweza kufunikwa na msaada na mkopo. Kampasi sehemu ya mzazi inategemea kozi na daraja walikuweka, na ukikata rufaa unangoja tena.

Kuhusu mkopo: HELB haina habari kama ulimaliza. Ukiacha diploma yenye ulikopea, deni linabaki lako, na la digrii linakaa juu yake. Ukianza kukwepa kulipa, faini ni elfu 5 kila mwezi. Kulipia cheti ambacho huna ni aina fulani ya uchungu.

Je, kuna mtu anafaa kuruka? Yuko. Kama uko mwezi wa pili wa diploma, una C+, na digrii uliyoitwa haina uhusiano na hiyo diploma, wewe enda. Ulisajiliwa plumbing juu nyumbani walichoka kukuona kejani, na sasa umeitwa sheria? Enda bana. Pia kama diploma yenyewe ni ya chuo ambacho TVETA haijasajili, hakuna kitu unamaliza hapo, toroka.

Wale wengine wote, kabla uamue kuacha, ongea na kampasi. Vyuo vikuu huwa na utaratibu wa kuahirisha kuripoti, unaandika barua unaeleza. Usinyamaze ukidhani nafasi itakungoja, juu ukinyamaza inahesabiwa umekataa. Wakikubali kukusukuma mwaka mmoja, huo mwaka unatosha muhula na atachi.

Wakikataa na lazima uende saa hii, basi usiondoke TVET kama mtu anatoroka deni. Lipa salio, wasainie fomu ya kuondoka, chukua matokeo yako ya kila moduli, na ule mwongozo wa atachi ukiwa umepigwa muhuri. Kama kimebaki kile cha refer peke yake, hicho unaweza kurudia ukiwa mwaka wa kwanza kampasi. Mitihani ya KNEC ya vyuo huwa Julai na Novemba, na usajili hufungwa mapema sana kabla ya hapo, so pigia ofisi ya mitihani ya chuo chako cha kwanza wiki hii uulize tarehe.