Nikaha Bila Cheti, Nani Anafaidika?



Idd ikipita tu, msimu unaanza. Kila kundi la WhatsApp lina kadi ya harusi na namba ya kutuma mchango. Kamati imekaa, mwekahazina amechaguliwa, kuna wa hema, wa biriani, wa magari, wa kupiga video. Hadi wa kuhakikisha soda ni baridi yuko. Sasa iulize hiyo kamati swali moja tu: cheti cha ndoa kiko mikononi mwa nani? Utaona watu wanaangaliana. "Ah, hayo baadaye. La muhimu ni akdi."

Hiyo "hayo baadaye" ndiyo imenitoa leo. Imewaumiza dada zetu wengi na sisi tumenyamaza kwa jina la heshima.

Tuelewane kwanza. Akdi ikitimia, walii yupo, mashahidi wawili wapo, mahari imetajwa, ijabu na kabuli zimesemwa, hiyo ni ndoa mbele ya Allah. Hakuna anayesema muhuri wa serikali ndio unaohalalisha mke. Kwa hivyo asije mtu akanijibu hoja ambayo mimi sijaileta. Swali langu ni lingine: karatasi isipokuwepo, ni nani anayefaidika?

Hebu fikiria. Mume akiwa hai, ana imani na ana aibu, cheti hakina kazi kubwa. Kinakaa kwenye bahasha kabatini pamoja na kadi za kliniki. Cheti ni cha siku mbaya. Siku ambayo bwana anageuka anasema "huyu tulikuwa tunajuana tu". Siku ambayo mume amekufa ajalini na ndugu zake wameshachukua ufunguo wa nyumba kabla khitma haijasomwa. Siku ambayo dada amebeba watoto watatu hadi kwa Kadhi kudai masurufu. Siku hiyo ni mwanamke ndiye anayeambiwa athibitishe. Imamu aliyewaozesha amehamia mji mwingine. Shahidi mmoja yuko Saudia, mwingine ni mtoto wa ami yake mume na amesahau ghafla. Basi anabaki na picha za simu, amevaa shela, anaambiwa hizo ni picha za sherehe.

Halafu kuna wanaojiliwaza kwamba mkikaa pamoja miaka mingi mahakama itawahesabu mke na mume. Ndugu yangu, mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ililitolea uamuzi jambo hilo katika kesi ya MNK na POM. Ilisema dhana ya ndoa ni jambo la nadra, si kawaida, na mzigo wa kuthibitisha uko kwa yule anayedai. Sasa dada ambaye alikuwa na nikaha halali kabisa, mbele ya watu mia mbili, kwa nini afikishwe kwenye mlango huo wa kubahatisha? Yeye hakuwa akiishi na mtu kinyemela. Aliolewa! Kilichokosekana ni dakika chache na kalamu.

Najua jibu la baadhi ya wakubwa. "Hizo karatasi ni za serikali, za watu wengine, wazee wetu hawakuwa nazo." Mzee huyo huyo shamba lake lina hati. Pikipiki yake ina logbook, na anaificha chini ya godoro. Akikukopesha elfu tano anakuandikisha mbele ya watu. Kwa mali yake anajua faida ya karatasi, isipokuwa ikifika kwa binti wa mtu ndipo anakuwa mcha Mungu wa kutotaka kuandika.

Na kwa wale wa dini ni baina yetu na Allah: mahari nyingi za siku hizi hulipwa nusu, nyingine "itakuja". Ile inayokuja ni deni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Sura al-Baqara, inazungumzia nini? Kuandika deni, mwandishi na mashahidi. Mahari iliyoahirishwa isiandikwe popote, halafu tuambiwe karatasi ni mambo ya kizungu? Jamani.

Sasa sheria, kwa ufupi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 ilifuta sheria saba za zamani, mbili kati yake zikiwa za Waislamu tangu zama za mkoloni, ikaziweka ndoa zote chini ya paa moja: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Umri ni miaka 18. Ndoa ya Kiislamu hufungishwa na kadhi, shekhe, mukhi au imamu aliyeidhinishwa na Msajili, kwa taratibu za Kiislamu, halafu huandikwa na kutolewa cheti, na kumbukumbu zake hupelekwa kwa Msajili wa Ndoa. Shika hapo kwenye "aliyeidhinishwa". Si kila shekhe anayejua kusoma khutba ya nikaha ana idhini hiyo. Akiwa hana, akdi yako itasomwa vizuri, watu watakula, na hakuna jina lako litakalofika popote.

Kuna vijana wamechoshwa na mzunguko huu, wanasema heri niende kwa ofisi ya Msajili nifunge ndoa ya kiserikali, ile ndiyo "inatambulika". Hili limeenea sana Nairobi na si kweli. Sheria yenyewe inasema ndoa zote zilizosajiliwa chini yake zina hadhi sawa. Cheti cha nikaha kilichosajiliwa si cheti cha daraja la pili. Anayekwambia kazini au ubalozini kwamba cha Kiislamu hakitoshi, mwambie akuonyeshe ilipoandikwa.

Ile ya kiserikali nayo ina masharti yake. Lazima mtoe notisi angalau siku 21 kabla, inawekwa wazi ili mwenye pingamizi ajitokeze. Na ni ndoa ya mke mmoja, basi. Mwanamume aliyeandikisha hivyo hawezi kesho kuleta wa pili kisheria, hata akilia vipi kwamba dini inamruhusu. Wapo dada wanaoitaka kwa sababu hiyo hiyo, na mimi siwalaumu hata kidogo. Wajue tu wanachokichagua, na waulize mapema talaka ikitokea itapitia wapi, manake wengi huamini kila kitu kitaishia kwa Kadhi kama walivyozoea.

Tuje kwenye makaratasi yenyewe, manake hapa ndipo watu wanakwama. Vitambulisho vya wote wawili, vyeti vya kuzaliwa, picha ndogo za pasipoti, kitambulisho cha walii, mashahidi na vitambulisho vyao. Aliyewahi kuolewa au kuoa na wakaachana alete cheti cha talaka. Aliyefiwa alete cheti cha kifo. Ukiitazama ni orodha fupi. Kinachotumaliza ni majina.

Kitambulisho kinasema Mohamed, cheti cha kuzaliwa Muhammad, cheti cha shule Mohammed. Bibi harusi ni Fatma nyumbani, Fatuma kwa karani, na Fatmah kwa mwalimu wa darasa la nane. Kuna "bin" na "binti" zinazotokea kwenye karatasi moja na kupotea kwenye nyingine. Kuna aliyeandikiwa jina la babu kama jina lake la kwanza. Kuna kina sisi ambao nusu ya ukoo umezaliwa tarehe moja Januari, manake karani alichoka kuuliza. Hayo yote hurekebishika, kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo, na mengine kwa kurekebisha karatasi yenyewe. Lakini hayarekebishiki Alhamisi jioni wakati nikaha ni Ijumaa baada ya Alasiri. Yanataka miezi. Siku mnapopeleka posa ndiyo siku ya kutoa vitambulisho na kulinganisha herufi kwa herufi. Mkwe akiona ni utovu wa adabu, wacha aone.

Waliosilimu nao wana yao. Kijana anajulikana msikitini kama Bilal, kitambulisho bado kinasema Brian. Hakuna ubaya, mradi cheti kiandikwe jina la kitambulisho, au abadilishe jina kwa njia ya sheria kwanza. Lililo zito zaidi ni dada aliyesilimu baada ya ndoa ya kanisani iliyosajiliwa. Kusilimu hakufuti ile karatasi. Mbele ya sheria bado ni mke wa mtu hadi talaka ya mahakama itoke. Nimeona watu wazima wenye ilimu wakiharakisha kumuozesha mtu kama huyu "ili asirudi nyuma", halafu kesi ikija anaachwa peke yake.

Na talaka za WhatsApp, astaghfirullah. Mwanamume anatuma ujumbe saa sita usiku, anazima simu, asubuhi ameshaendelea na maisha. Dada anakaa eda yake, anamaliza, anapata mchumba mwema, anaambiwa lete cheti cha talaka. Anatoa simu. Kama ndoa ya kwanza ilisajiliwa, kuna pa kuanzia: anaenda kwa Kadhi, bwana anaitwa, jambo linaandikwa. Kama haikusajiliwa, atathibitisha vipi kuachwa katika ndoa ambayo haijulikani kama ilikuwepo? Huyo hana alichokosa, ila ndiye anayezungushwa.

Nisiwabebeshe kamati za harusi peke yao. Serikali ina deni lake na sitalificha. Unamwambia kijana wa Garissa, Mandera au Kibra alete kitambulisho, na kitambulisho chenyewe amekitafuta miaka mitatu. Kwa miongo mingi watoto wetu walipelekwa mbele ya kamati za uchunguzi, wakiulizwa karatasi za babu aliyezaliwa kabla ya Kenya kuwa Kenya, huku wenzao wa kwingine wakijaza fomu na kuenda nyumbani. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za watoto iliipata Kenya na makosa kwa jinsi ilivyowatendea watoto wa Kinubi kuhusu uraia. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais alisaini agizo la kuondoa uchunguzi huo wa ziada kwa kaunti za mpakani. Alhamdulillahi. Agizo likisainiwa jukwaani bado lina safari hadi kwenye meza ya karani, na ni sisi tutakaolisindikiza. Kijana anayerudishwa leo kwa sababu ya jina lake au ukoo wake aandike tarehe, ofisi, na alichoambiwa, na atuletee. Bila kitambulisho hakuna cheti cha ndoa, na karatasi za mtoto wake nazo zitaanza na tabu ileile. Miaka 18 baadaye mtoto huyo ataulizwa wazazi wako ni kina nani, na karatasi zao ziko wapi.

Hasira hiyo kwa serikali ni ya haki, ila isitumiwe kama kisingizio na mtu ambaye kitambulisho anacho mfukoni. Wengi wanaooa bila cheti mjini hawakunyimwa na ofisi yoyote. Hawakwenda. Wengine hawakwenda kwa makusudi, manake kuna mke mwingine Mombasa asiyejua, na cheti kingeuliza. Haya tuyaseme. Sheria inaitambua ndoa ya Kiislamu ya wake zaidi ya mmoja, kwa hivyo mwenye uwezo na uadilifu hana cha kuficha. Anayekimbia cheti anakimbia kuulizwa.

Mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa Muislamu waliozaliwa nje ya ndoa wasibaguliwe kwenye urithi wa baba yao. Mitaani kulichemka, misikitini kukachemka, na maulamaa wana haki ya kusema yao. Lakini waliokasirika zaidi niliwauliza: msikiti wenu mwaka jana mliozesha wangapi, na wangapi wana cheti? Kimya. Tunapigania mpaka wa ndoa na isiyo ndoa mahakamani, na mpaka huo wenyewe hatuuandiki.

Kwa hivyo pendekezo letu ni gumu kidogo na tunalisimamia. Kamati ya msikiti isitoe tarehe ya nikaha hadi bahasha iwe imekamilika: vitambulisho, vyeti, talaka au kifo kama ipo, mahari imeandikwa iliyolipwa na iliyobaki. Walii asiseme "nimekuozesha" kabla hajaona kitabu cha vyeti mezani. Wanasahihisha pale pale, mashahidi wakiwa bado wamevaa kanzu, kabla sinia la kwanza halijafunguliwa. Na dada, nakala moja ikae kwa mamako, si kwenye droo ya mume.

Ijumaa hii baada ya swala, mfuate imamu wako kwa heshima umuulize mambo matatu. Idhini yake ya kufungisha ndoa iko wapi? Daftari la ndoa la msikiti liko wapi? Na za mwaka jana zimeshafika kwa Msajili? Akikujibu vizuri, muombee dua. Akikwambia wewe ni mtoto mdogo, andika tarehe, na urudi Ijumaa ijayo na wenzako watatu.