Unadhifu Kazini ni Heshima kwa Mwananchi

Mkulima anayekwenda makao makuu ya wilaya kufuatilia shauri la mpaka wa shamba lake huanza safari yake tangu jioni ya siku iliyotangulia. Shati lililohifadhiwa chini ya sanduku hutolewa, hufuliwa na kupigwa pasi ya mkaa. Alfajiri hutoka akiwa amebeba viatu mkononi, maana umande na matope ya njiani havina huruma. Akikaribia mjini hutafuta maji, akanawa miguu, akavaa viatu vyake, ndipo akaingia ofisini kama mtu anayeingia mahali pa heshima.

Anamkuta nani? Mara nyingi anamkuta mtumishi hodari na nadhifu, na hao si wachache. Lakini pia wapo wale wanaompokea wakiwa na kandambili miguuni, vifungo vya shati vimeachwa wazi hadi kifuani, njiti ya meno mdomoni, na kucha nyeusi zikimsukumia fomu ya kujaza. Mkulima huyo hatasema neno. Atatia sahihi na kurudi kwao, lakini moyoni atakuwa ameelewa jambo moja: kwamba yeye aliiheshimu Serikali kuliko mtu anayelipwa mshahara kuitumikia.

Hapo ndipo ulipo uzito wa suala hili. Wako wanaodhani kwamba kuzungumzia mavazi ya kazini ni kujishughulisha na mambo madogo, au ni kurudisha kasumba ya mkoloni, aliyemtaka karani wake avae kaptula nyeupe na soksi ndefu zilizofika magotini. Hoja hiyo haina msingi. Mkoloni alidai unadhifu ili yeye mwenyewe atukuzwe. Katika nchi huru anayestahili kutukuzwa ni yule aliyesimama upande wa pili wa meza. Tena kuikataa tai hakukuwa kamwe kuikataa pasi. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda wa Zambia walizoeleka kuonekana katika suti za mikono mifupi zisizohitaji tai, na suti hizo zilikuwa safi na zimenyooka. Jirani zetu wa Kenya walipopiga marufuku suti ya Kaunda ndani ya Bunge lao mwaka 2023, wengi walijiuliza, na kwa haki, suti hiyo ina kosa gani. Kipimo cha unadhifu ni usafi na mpangilio, wala si umbo la kola.

Wala kisingizio cha umaskini hakitoshi, ingawa hakifai kubezwa. Waliokuwa kazini mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wanakumbuka maduka yenye rafu tupu na foleni ya kipande cha sabuni. Walikuwapo walimu wenye shati moja tu la kazini, lililofuliwa kila usiku, pengine kwa majani ya mpapai, na kuvaliwa asubuhi likiwa bado na unyevu kwenye mishono. Wanafunzi wao, ambao leo wana mvi, bado wanawasimulia. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka hiyo, mitumba imejaa kila gulio. Mshahara waweza kuwa mdogo, na madai ya kuongezwa yana haki yake, lakini kifungo na sindano havihitaji kusubiri bajeti.

Kwa mwalimu jambo hili ni zito zaidi. Mwalimu wa zamu huwapanga watoto mstarini akawakagua kucha, nywele na kola. Je, mtoto naye hakagui? Ana kipindi kizima cha kumtazama mtu mmoja aliyesimama mbele yake, na hakuna jicho kali kama lake. Anayemfukuza mtoto akafue sare huku yeye mwenyewe ananuka jasho la juzi anafundisha somo jingine kabisa, nalo litakaririwa kuliko yote.

Hata hivyo, yafaa kuwe na tahadhari. Nchi hii iliwahi kulishughulikia suala la mavazi kwa nguvu. Katika Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, na wako wanawake waliosumbuliwa hadharani katika mitaa ya Dar es Salaam. Kusumbua watu si kuwafundisha unadhifu. Waraka wa Utumishi Namba 3 wa mwaka 2007 ulieleza mavazi yanayofaa kwa watumishi wote, wake kwa waume. Lakini ajabu ni kwamba kila mjadala wa mavazi maofisini huishia kwenye sketi ya katibu muhtasi. Kola chafu ya mkuu wake haijapata kuitishiwa kikao.

Vilevile pasiwe na uonevu kwa wenye kazi za jasho. Bwana shamba aliyerudi na matope kwenye buti ametoka alikotumwa, na fundi mwenye grisi mikononi hana la kujitetea. Mwenye mashaka ni yule ambaye buti zake hazijapata kuona tope.

Nao wakuu wa kazi wana sehemu yao. Ziko ofisi zisizo na kioo, zisizo na sabuni, na ambazo choo chake mtumishi huingia amekunja suruali. Mkuu wa idara anayekusudia kuwakaripia vijana wake kwa mashati yaliyokunjamana angeanza kwa kwenda yeye mwenyewe nyuma ya jengo, akafungue bomba, aone kama linatoa maji.