Uyoga wa Miombo: Utomvu Pekee Hautoshi



Mvua zinapokolea katika misitu ya miombo mkoani kwetu Tabora, vikapu vya uyoga huonekana njiani na sokoni. Hivi karibuni, baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja wa mtaa wetu alituletea kikapu kilichookotwa na wanawe, akauliza: "Katibu, huu unaliwa?"

Tulikata kichwa kimoja kwa kisu, kikatoa utomvu mweupe kama maziwa. Tulikaribia kujibu ndiyo. Kisha tukajizuia, tukamwita bibi jirani aliyeokota uyoga tangu utotoni. Alimwaga kikapu chote juu ya mkeka, akashika kimoja kimoja, akatenga viwili.

"Wajukuu zangu," alisema, "kikapu hakipimwi kwa kichwa kimoja."

Akatufundisha. Uyoga wa utomvu hauna nyuzi. Mguu wake ukivunjwa hukatika kama chaki. Utomvu hutoka hasa kwenye mikunjo myembamba iliyo chini ya kofia, na yafaa kutazama iwapo unabaki mweupe au unageuka rangi ukipata hewa. Mguu kwa kawaida hauna pete, wala kifuko chini yake. Uyoga huu huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti ya miombo. Ndiyo maana huokotwa msituni, haupandwi nyumbani.

Vile viwili havikuwa na utomvu. Mguuni palikuwa na pete, na kwenye shina, penye udongo, palikuwa na kifuko. Baadhi ya uyoga wenye alama hizo, wa jamii ya Amanita, huua. Mwenye kuukata juu ya ardhi huiacha alama hiyo udongoni. Basi watoto wafundishwe kuuchimbua mzima.

Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. Kutapika na kuharisha huanza kwa kawaida baada ya saa 6 hadi 24, kisha mgonjwa huweza kuonekana amepata nafuu, ilhali ini linaharibika. Asingojewe, akimbizwe hospitali, pamoja na mabaki ya uyoga alioula.

Hata utomvu si cheti. Baadhi ya uyoga wenye utomvu ni mkali kama pilipili na huvuruga tumbo. Nao uliokauka kwa jua huenda usitoe tone. Wala uyoga kuliwa na funza si dalili ya usalama, kwani kinachomfaa mdudu chaweza kumdhuru mtu.

Hatuandiki haya ili kuwatia watu hofu na chakula kitamu cha msitu wetu. Tunakiri tu kwamba tuliulizwa kwa sababu ya cheo, na cheo cha ukatibu hakimpi mtu elimu ya uyoga. Neno "hatujui" lilikuwa jepesi kulitamka, na jibu la haraka lingeweza kuigharimu nyumba nzima. Mama yule alirudi na kikapu kilichopungua vichwa viwili.