Kosa si la Mtoto
Wapagazi wa Kinyamwezi walieneza Kiswahili kati ya Tabora na pwani kwa sababu kiliwafaa kazini. Kompyuta nayo haina budi kumfaa mtumiaji kwa lugha yake. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu yenye maagizo ya Kiswahili. Hata hivyo, tafsiri peke yake haitoshi. Watafiti wa programu humpa mtumiaji kazi, humtazama anapokwama, kisha husahihisha programu, si mtu. Ndugu mwanachuo, fuata njia hiyo. Mtoto akisita mbele ya kompyuta, usimwite mjinga. Mwulize ameelewaje neno lililo mbele yake, kisha urekebishe somo lako.