Sarafu ya Kale: Isafishwe au Iachwe?

Mwanafunzi wa Buswelu, karibu na Mwanza, achimbapo shimo la taka na kuokota sarafu ya kale yenye kutu ya kijani, jambo la kwanza limjialo ni ndimu na majivu. Huona fahari kuisugua mpaka ing'ae. Yafaa azuiwe, na anayestahili kumzuia ni mwalimu wake wa kemia.

Sarafu hiyo na iwe heller 20 yenye mwaka 1916 na herufi T. Herufi hiyo ni ya Tabora. Katika Vita Kuu ya Kwanza manowari za Uingereza ziliifunga pwani, na Wajerumani walipopungukiwa na fedha walizipiga sarafu zao wenyewe huko Tabora. Heller 100 zilikuwa rupia moja, na jina lake ndilo lililoipa Kiswahili neno "hela". Heller 20 za Tabora zilipigwa kwa shaba nyekundu, na nyingine kwa shaba njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki. Kwa hiyo rangi yake ni ushahidi.

Ndimu huharibu ushahidi huo. Asidi ya sitriki iliyomo huyeyusha kutu, wala haikomei hapo: hula zinki upesi kuliko shaba. Sarafu ya shaba njano huweza kubaki na wekundu juu yake, hata mtazamaji akadhani ni ya shaba nyekundu. Majivu na mchanga navyo hukwangua alama ndogo ambazo kwazo watafiti hutambua muhuri mmoja na mwingine. Majuto ni mjukuu: kilichokwanguliwa hakirudi.

Wako wasemao kwamba sarafu isiposafishwa itaoza. Hoja hiyo ina ukweli, lakini si kwa kila doa. Utando mgumu wa kahawia au kijani ni kama ngozi. Huikinga shaba iliyo chini yake. Bali unga wa kijani hafifu, ufutwao leo na kurudi baada ya siku chache, ni ugonjwa. Kloridi ya shaba, ikipata unyevu na oksijeni, hutoa asidi ya hidrokloriki. Asidi hiyo huila shaba na kuzaa kloridi mpya. Sarafu ya namna hiyo haina budi kutibiwa na mtaalamu wa makumbusho. Kabla ya hapo ihifadhiwe katika chombo kikavu kilichofungwa, mbali na unyevu.

Basi swali la kuuliza si kama sarafu inapendeza, bali kama kutu ingali inaila. Ikiwa haili, iachwe. Iliyokwisha kusuguliwa nayo isitupwe, wala isipakwe dawa ya kuizeesha, kwani huo ni uwongo wa pili. Iandikwe tu kwamba ilisuguliwa.

Aidha, mahali na kina ilipookotwa viandikwe siku ile ile. Waingereza waliitwaa Mwanza Julai 1916, na Wabelgiji wakaitwaa Tabora Septemba mwaka huo huo. Sarafu ya Tabora iliyofika Buswelu ilibebwa na mtu, kwa njia fulani, katika nyakati hizo za vita au baadaye. Swali hilo lina thamani kuliko mng'ao wowote, na Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora hayako mbali kwa mwanafunzi atakaye kuliuliza.