Skrini ya pili bila kugusa ada
Mama anayefunga hesabu za duka kwenye laptopu moja, akiruka kutoka risiti kwenda jedwali, humaliza usiku mtoto keshalala bila kupata zamu yake. Skrini ya pili humwahisha, na si lazima ile ada ya shule. Kariakoo zipo za mtumba zilizotumika maofisini. Ya inchi 22 inamtosha. Tatizo huwa tundu la waya: nyingi za zamani zina VGA tu, laptopu ina HDMI, na adapta ni gharama nyingine. Basi aende na laptopu yake dukani, achomeke, afungue ukurasa mweupe mtupu. Doa jeusi lisilofutika kwa kitambaa? Aiache. Stendi nayo aitikise. Meza ya chakula ina watoto.