Nani Kamsaliti Nani?

Wapenzi wa riwaya mniwie radhi, leo naingia kwenye futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani. Nako kuna wasimulizi, na wanatudanganya.

Mwaka 2021, Jordan Addison wa Pittsburgh alidaka mipira 100 na kutwaa Tuzo ya Biletnikoff, ya mpokeaji bora wa vyuo. Mei 2022 akahamia USC. Basi kelele: tamaa, usaliti, vijana wa siku hizi hawana shukrani!

Hebu tuulizane. Mpokeaji bila mrushaji ni nani? Kenny Pickett, aliyekuwa akimrushia, alishamaliza chuo. Mark Whipple, kocha wa mashambulizi, alishaondoka. Na Lincoln Riley, kocha aliyempokea USC, aliiacha Oklahoma Novemba 2021. Hadi mwaka huohuo, mchezaji aliyehama kwa kawaida alikaa nje msimu mzima. Kocha alihama leo, kesho kazini. Mkuki kwa nguruwe!

Kwa hiyo msituletee hadithi za uaminifu. Mnataka mpokeaji abaki? Mpeni mrushaji, mpeni kocha asiyekimbia, mlipeni haki yake. Mkishindwa, mwacheni aende, tena bila matusi.